Kuitikia Jina la Sarbiland

Kizuizi cha Tangi, 9 Februari 2019

Kwa kaka yangu Sarbiland Khan, Sharjah.

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima wa afya, ila theluji imefika magotini mwa mbuzi, na mkeo Gulsanga anasema blanketi ulilotuma mwaka juzi lilishonwa kwa ajili ya watu wa nchi za joto. Nawe Lajbar, unayemsomea kaka barua hii, nakusalimu. Soma polepole, wala usiongeze chumvi yako.

Jambo lenyewe ni hili. Serikali imeifuta ile sheria ya zamani ya mpakani. Imekwisha, kaka! Ile aliyoiacha Mwingereza, ambayo kwayo babu alipewa barabara ya Tangi ailinde kwa bunduki yake mwenyewe na kilemba chake mwenyewe, na kosa likitokea kwenye kipande chetu, ukoo mzima unaadhibiwa. Unalikumbuka lile lori la chai? Mwizi alitoka ng'ambo ya mlima, baba akakaa ndani miezi mitatu kwa kuwa tu amezaliwa katika ukoo wa Madikhel, na ng'ombe wetu wakaswagwa mama akitazama. Nilikuwa na miaka saba. Sheria hiyo nimeichukia tangu siku ile na sitaacha kuichukia. Sasa mtu atafungwa kwa kosa lake mwenyewe, tena mbele ya hakimu. Na sisi khasadar, askari wa ukoo, tunageuzwa polisi. Polisi kamili, wenye sare na namba na kofia. Bunduki ya babu naitundika ukutani iwatishe panya.

Lakini pana mfupa kooni. Daftari lina jina lako. Baba alikuachia wewe nafasi, wewe ukapanda ndege, na miaka kumi na tisa sasa mimi ndiye badali wako, kama desturi yetu ilivyo. Kila asubuhi mkuu wetu, subedari, anaita, "Sarbiland Khan!" nami naitika, "Naam!" Shemeji yako Shahmina hunicheka, anasema iko siku atapiga kelele "Janas, nyumba inaungua!" nami nisigeuke. Basi sheria mpya haimjui badali. Inamtaka mwenye jina aje mwenyewe, aweke dole gumba kwenye mashine pale ofisini wilayani, aseme: mimi ndiye, na nafasi yangu namwachia ndugu yangu. Mwisho ni mwisho wa Juni. Asipofika, jina linafutwa, na anayesimama kwa jina hilo anarudi nyumbani kuchunga mbuzi.

Njoo, kaka. Siku chache tu. Nataka kuitwa kwa jina langu kabla sijafa.

Mnara wa simu bado umezimwa, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa basi la Peshawar, naye atampa yeyote anayekuja huko. Habari nyingine hakuna. Wenzetu wawili wameacha kazi, tumbo linawasumbua.

Mdogo wako,
Janas Khan

*

Sharjah, 3 Machi 2019

Kwa mdogo wangu Janas Khan, Tangi.

Waaleikum salaam. Barua yako imefika, nimesomewa mara tatu. Blanketi jingine litakuja.

Nakuuliza, nawe unijibu kama mtu mzima. Hao wawili wanaoumwa tumbo, tumbo liliwaanza kabla au baada ya karatasi kubandikwa mlangoni mwa msikiti? Maana habari ya karatasi hiyo imefika Sharjah kabla ya barua yako. Wale wenye bunduki wa mlimani wanataka kila khasadar aache kazi, na atangaze kwa kinywa chake mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa. Wewe umeniandikia habari za theluji na magoti ya mbuzi.

Ijumaa iliyopita tulipata mgeni hapa kwenye kambi ya wajenzi. Kijana mpole, kanzu safi, lafudhi ya kwetu kabisa. Alikunywa chai vikombe viwili. Akauliza kama ule mti wa nyuma ya nyumba, ambao Lajbar anasema kwa kitabu unaitwa mparachichi, ule wenye matunda ya manjano anayokausha Gulsanga darini, kama bado unazaa. Akauliza afya yako. Mimi simjui, Lajbar naye hamjui.

Nenda kwa wazee wa ukoo. Waombe waitishe jirga, baraza lao, watamke kama walivyotamka enzi za babu: anayemgusa mtu wa Tangi amewagusa Madikhel wote, nao watamfuata mpaka kwenye shimo lake. Sheria ile ilikuwa mbaya, sikatai. Mimi pia nililala na njaa ng'ombe walipoondoka. Lakini kwa sababu yake kila mzee alilala jicho moja wazi kwa ajili yetu, maana jambo likitokea barabarani ataulizwa yeye. Nyumba mbovu usiibomoe kabla hujajua utalala wapi.

Kuhusu kuja kwangu, subiri kwanza.

Kaka yako,
Sarbiland
(hili ni dole gumba lake, mwandishi ni Lajbar)

*

Kizuizi cha Tangi, 28 Machi 2019

Kwa kaka Sarbiland Khan.

Salamu. Nimekwenda kwa wazee kama ulivyoniagiza, na heri nisingekwenda.

Walikuwa tisa barazani, wamelizunguka jiko, miguu yote imenyooshewa moto. Nikasema ombi lako. Mkuu wao, Malik Torsam, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, barabara ilipokuwa yetu, kosa lilikuwa letu. Sasa barabara ni ya serikali, na kosa nalo ni la serikali. Miaka mia tumefungwa kwa makosa ya watu. Tuacheni tupumzike." Mzee Bazgul akadakia, "Polisi mzima anaomba ulinzi kwa vikongwe wasio na meno? Na hiyo kofia hata hujapewa bado!" Wakacheka, nami nikacheka nao. Aibu ilinijaa mpaka masikioni.

Na unajua nini, kaka? Wamesema kweli. Mimi sitaki tena mzee aswagiwe ng'ombe wake kwa ajili yangu. Nataka kusimama kwa miguu yangu miwili, na mtu akinigusa, akamatwe yeye, ahukumiwe yeye. Sheria ndiyo hiyo.

Karatasi ya msikitini niliiona. Sikukwambia kwa sababu ungejifunika blanketi kichwani ukaanza kuugua. Wanataka tuache kazi, sawa, lakini mimi niache nini? Kazi si yangu, ni yako. Badali hawezi kukiacha asichokuwa nacho. Nilipowaambia wenzangu hivyo kizuizini, walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Sasa wenzangu hao wamebaki watatu.

Nimeona pia kuna mstari umekatwa katika barua yako, chini kabisa, kwa wino mweusi wa kukandamiza. Nimeuweka kwenye mwanga, nimeugeuza nyuma, sikuambulia kitu. Ulikuwa unataka kusema nini ukaona haya? Basi nitakusemea mimi. Unasubiri kwa sababu ya mkweo. Watu wanasema, nami nilikuwa nawakatalia, kwamba nafasi hii unamwekea mume wa binti yako, yule anayepaka mafuta kwenye viatu na kwenye nywele kwa kopo moja. Ukhasadari ulikuwa kazi ya jua na vumbi, ukawa wa Janas. Sasa umekuwa upolisi, una mwenyewe.

Miaka kumi na tisa, Sarbiland. Wakati bomu lilipolipuka kwenye daraja mimi ndiye niliyeokota watu. Nimepigwa na jua kwa jina lako, nimetukanwa kwa jina lako, na siku ya kuvuna unaniambia subiri. Mungu anaona.

Janas

*

Sharjah, 20 Aprili 2019

Kwa mdogo wangu Janas.

Salamu. Barua yako imesomwa mara moja tu, imetosha.

Nakuja. Nimeomba ruhusa kwa tajiri, nitapanda ndege baada ya Idi, na Jumatatu tarehe 24 Juni nitakuwa Tangi. Nitaweka dole gumba langu, nafasi itakuwa yako, na nitaondoka siku hiyohiyo. Mkwe wangu ana duka lake la simu, hana haja na kofia ya mtu.

Nakuomba mambo mawili, na safari hii usinibishie. La kwanza, usimwambie mtu yeyote siku yangu ya kuja, hata Gulsanga. La pili, mpaka nifike, usisimame kizuizini. Sema una homa, sema umeumwa na mbwa. Ulisema wenzako wanaumwa tumbo, nawe uumwe.

Kaka yako,
Sarbiland
(dole gumba lake; Lajbar ameandika)

*

Tangi, 13 Mei 2019

Kwa kaka yangu mpenzi Sarbiland Khan.

Asalaam aleikum na Ramadhani njema. Barua yako nimeisoma nikalia, nikaenda kujificha zizini ili Shahmina asinione, naye akanifuata hukohuko na kuniuliza kama ng'ombe amefiwa. Nisamehe, kaka. Nilikuandikia maneno ya mtu aliyelala na nyoka tumboni. Nimekaa wiki nzima natafuta namna ya kukutazama usoni.

Lakini hilo la usimwambie mtu limenishinda. Unarudi baada ya miaka sita tangu likizo yako ya mwisho, unataka uingie kijijini kama mwizi wa kuku? Watu watasema Janas amemtukana kakake mpaka kaka ameona haya kupokewa. Hapana. Mgeni wa Ghuba hupokewa, na wewe utapokewa kuliko wote. Nimewaambia wazee. Malik Torsam atakuvisha shada la kwanza kwa mkono wake, lile la karatasi za kung'aa linalofika magotini. Mpiga ngoma anatoka Peshawar. Kondoo wawili nimekwisha kuwatenga, mmoja ana tabia kama za mzee Bazgul, huyo tutamchinja kwanza. Vijana wa barabarani wote wanajua: Jumatatu, tarehe 24, basi la saa saba mchana.

Kuhusu kizuizi, nimejaribu. Siku mbili niliumwa. Siku ya tatu subedari akaja mpaka mlangoni, akasema, "Sarbiland, ukizidisha homa nalifuta jina." Jina lako likifutwa sasa, safari yako ya nini? Nikatoka.

Jana alipita mtu kwa miguu, amejitanda shuka. Hakuwa na mzigo wowote. Akasalimu vizuri, akaniuliza, "Zamu ya nani leo?" Nikasema, "Ya Sarbiland Khan." Akauliza, "Ndiye wewe?" Kwa mazoea nikasema naam. Akanitazama kwa muda, akanishukuru, akaenda zake kuelekea juu. Watu wa juu siku hizi wana adabu kweli.

Njoo salama. Parachichi sijui, Lajbar kakuandikia mti gani ule! Huku tunaita mti wa zardalu, nao umeshika matunda wote.

Mdogo wako mpumbavu,
Janas

*

Kituo cha Polisi cha Tangi, 2 Julai 2019

Kwa ndugu Lajbar, Sharjah.

Asalaam aleikum. Najua habari zimekwisha kukufikia, maana za msiba hazingoji dereva wa basi. Lakini wewe ndiye uliyekuwa mkono wake, na nataka uzisikie kwangu.

Jumatatu tulimpokea. Alishuka kwenye basi, akaona ngoma, akaona mashada, akaona watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Nilidhani atafurahi. Alinishika mkono, akanivuta sikio kama nilipokuwa mdogo, akasema, "Umefanya kama ulivyo." Kisha akaenda kumsalimia kila mtu kwa jina. Zile siku mbili za karamu hakutoka nje bila kuniambia mimi nikae ndani. Nikamwona amezeeka, anaogopa kivuli.

Jumatano asubuhi tukaenda wilayani. Akaweka dole gumba kwenye mashine, mashine ikamkataa mara mbili. Miaka ya saruji imemsugua kidole, mistari imefutika. Karani akapaka wino, wakachukua alama kwenye karatasi kwa namna ya kizamani. Akasema maneno yale, akaniachia nafasi. Ofisa akasimama na daftari jipya, akaita, "Janas Khan." Akaita tena. Mara ya tatu kaka akanipiga kiwiko, "Wewe! Si ulikuwa unalilia?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nikaitika. Nikapewa kofia hapohapo, na kaka akaniwekea sawa, akarudi nyuma hatua moja kunitazama. Sijawahi kumwona ametulia vile.

Gari la kumrudisha Peshawar lilikuwa la saa tisa, lingempitia hapa kizuizini. Tukakaa kwenye benchi la mwuza chai, mimi na yeye. Jua lilikuwa kali. Ikaja pikipiki, watu wawili, wamejifunga shuka mpaka puani kwenye joto lile. Hawakufanya haraka. Aliyekaa nyuma akashuka, akaita kwa sauti ya kuita zamu, "Sarbiland Khan!"

Lajbar, miaka kumi na tisa. Kinywa changu kilikwisha funguka. Pumzi ya kusema naam nilikuwa nimeivuta. Kaka akanibandika kiganja kifuani akanisukuma chini kwenye benchi, yeye akasimama, akasema, "Naam. Ni mimi."

Walipomaliza waliondoka kwa mwendo uleule.

Mkuu wa kituo akanipa kalamu mimi niandike taarifa, kwa sababu ndimi niliyekuwapo na ndimi niliyekuwa na kofia. Kazi yangu ya kwanza kwa jina langu ni hiyo. Jina la marehemu, nikaandika. Mahali, nikaandika. Waliotenda, nikasita. Mkuu akasema, "Andika watu wasiojulikana, twende." Katika sheria ile niliyoichukia, neno hilo halikuwapo. Barabara ilikuwa na wenyewe, na mwenyewe alitakiwa kujua, asipojua anafungwa mpaka ajue. Malik Torsam alikuja matangani, akalia kweli, machozi yakalowesha ndevu. Nikamwambia, "Malik, pikipiki ile ilipita mbele ya mlango wako, na wewe ulikuwa umekaa nje." Akasema, "Mwanangu, vumbi lilikuwa jingi." Nikawauliza wote tisa. Wote waliona vumbi.

Aliyekufa shahidi haoshwi. Tumemzika na wino wake kidoleni.

Nakuuliza jambo moja tu. Alijuaje kuwahi? Jina lilipoitwa, mimi ndiye niliyezoea kuitika, yeye hajazoea, lakini alinitangulia kama mtu aliyekuwa anangoja. Na ule mstari uliokatwa ulisema nini?

Janas Khan, askari namba 417

*

Sharjah, 25 Julai 2019

Kwa ndugu yangu Janas Khan.

Waaleikum salaam. Mungu amrehemu, na wewe akupe moyo. Kitanda chake bado kipo hapa chumbani, hatujamwekea mtu. Nilimuahidi sitakwambia. Lakini umeniuliza, na mtu aliyekufa hawezi kunidai ahadi kuliko mtu aliye hai.

Yule mgeni wa vikombe viwili hakuja kuuliza matunda. Alipokuwa anavaa viatu alisema hivi: "Mzee, sisi hatuna ugomvi na badali. Wavulana wetu kule mlimani hawajui sura, wanajua jina. Jina liache kazi, au jina litalipa." Akampa njia ya kujiokoa: Simama Ijumaa msikitini hapahapa Sharjah, sema umeacha, mashahidi tunao, yameisha.

Usiku kucha Sarbiland hakulala. Asubuhi akaniambia, "Lajbar, nikiacha, Janas anakosa alichokingoja maisha yake yote. Nisipoacha, atakufa akiitwa mimi. Lazima niende nikamvue jina langu." Nilimwambia ni wazimu. Tulikaribia kupigana. Barua yako ya mkwe ilipofika, nilikuwa nimeshika kalamu nikujibu kwa hasira zangu mwenyewe, akaninyang'anya. Akasema, "Mwache. Akinichukia hatanizuia nisije."

Mpango wake ulikuwa kuingia na kutoka kabla hawajajua. Barua yako ya ngoma na mashada nikamsomea juu ya kitanda hiki. Alicheka mpaka akafuta macho. Akasema, "Basi tena. Wamekwisha kujua na wao." Nikamsihi asiende. Akaniambia nimsomee tena pale ulipomwitikia yule mpita njia. Kisha akaanza kufunga sanduku. Blanketi lako limo, kwenye mfuko wa bluu, kama hamjalitoa.

Mstari niliokata nauandika tena hapa, kama alivyousema, kabla hajaniambia niufute kwa kuwa ukijua hutamruhusu aje:

"Janas, wakija kuita Sarbiland, wewe usiitike. Nyamaza tu. Mimi nitaitika."

Ndugu yako,
Lajbar